Kuzuia Mali ya Mshitakiwa ili Haki ya Mdhulumiwa Isipotee

SOMO LA FIQHI
Na Ustadh wa Fiqhi, Darasa la Juu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya malipo.



Mwaka huu katika darasa la fiqhi tulisoma mlango wa ghasbu, yaani kuchukua mali ya mtu kwa dhulma, kisha tukaingia mlango wa hajri, yaani kumzuia mtu asiitumie mali yake kwa sababu inayokubalika kisheria. Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadh, mtu ameshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Kesi bado. Huku nje anauza mali yake yote ili hata akishindwa asiwe na cha kulipa. Aachwe auze kwa kuwa bado hajahukumiwa, au azuiwe?" Kengele ililia kabla sijajibu, nikaahidi kujibu katika gazeti. Ahadi ni deni, na jibu lenyewe ndilo hili.

1. UTANGULIZI: MAMBO MAWILI NILIYOYAONA

Kwanza nitaeleza mambo mawili niliyoyashuhudia mwenyewe nikiwa mtoto, kwa sababu swali hili kwetu sisi wa Tarime na Serengeti si la vitabuni tu.

La kwanza lilitokea nyumbani kwetu mwaka 2004. Baba yangu alikuwa na ng'ombe sita, wawili kati yao maksai wa kulimia. Usiku mmoja zizi lilivunjwa, wakachukuliwa wanne, wale maksai wakiwemo. Nyayo zilifuatwa mpaka kijiji cha pili, mtu mmoja akakamatwa, mashahidi wakapatikana, kesi ikafunguliwa. Mshitakiwa akapata dhamana, jambo ambalo ni haki yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo aliuza ng'ombe wake mmoja mmoja, wengine akawapeleka kwa wakwe, wengine wakavushwa mpaka upande wa Sirari. Mwisho aliezua hata mabati ya nyumba yake akayauza.

Siku ya hukumu alitiwa hatiani, akafungwa, na mahakama ikaamuru amlipe baba fidia ya ng'ombe wanne. Tulifurahi sana. Baba alikwenda na hukumu yake mkononi, akakuta boma tupu, mama mmoja na watoto, na jembe moja. Ile karatasi ya hukumu ipo mpaka leo ndani ya sanduku la nyumbani. Mimi na kaka yangu tulilima kwa jembe la mkono misimu mitatu, na kaka hakurudi tena shule. Mwizi alipata adhabu yake, lakini mdhulumiwa hakupata chake.

La pili lilitokea miaka miwili baadaye katika kijiji cha jirani. Kijana mmoja alishukiwa kuiba mbuzi na ng'ombe. Watu hawakusubiri polisi wala mahakama. Waliingia kwenye boma la baba yake, wakaswaga ng'ombe watano "wa kushikilia" mpaka ukweli ujulikane. Hakuna aliyeandika rangi zao wala idadi yao. Mmoja alichinjwa ili waliokwenda msako wale, wawili walikufa kwa kukosa maji na dawa, na mmoja aliuzwa mnadani na hakuna aliyejua fedha zimekwenda wapi. Baada ya miezi michache mwizi wa kweli akapatikana mbali kabisa, akakiri. Yule kijana alikuwa hana hatia. Baba yake alirudishiwa ng'ombe mmoja na maneno ya pole.

Sasa tazama. Katika tukio la kwanza mali haikuzuiwa, mwenye haki akadhulumiwa. Katika tukio la pili mali ilizuiwa ovyo, asiye na kosa akadhulumiwa. Swali la yule mwanafunzi liko katikati ya dhulma hizi mbili, na jibu lake lazima lizikwepe zote mbili.

2. MALI ILIYOCHUKULIWA KWA DHULMA INA DENI

Msingi wa kwanza ni huu: mkono uliochukua kitu unadaiwa kitu hicho mpaka ukirudishe. Maana hiyo imo katika hadithi iliyopokewa na Samura bin Jundub (r.a.) na kutajwa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Ndiyo maana wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayosoma hapa madrasa, wanasema kuwa mwizi, pamoja na adhabu, ni lazima arudishe alichoiba kama bado kipo. Kama kimekwisha, alipe mfano wake au thamani yake. Adhabu haifuti deni. Adhabu ni haki ya jamii nzima na ina vyombo vyake vya kuitekeleza, ama mali ni haki ya mwenyewe, na haifutiki mpaka alipwe au asamehe.

Usidhani kuwa jambo hili linahusu mali peke yake. Aliyemjeruhi mwenzake au kumtia kilema naye anadaiwa. Sheria ya nchi yetu imekwenda njia hiyo hiyo. Katika marekebisho ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, anayetiwa hatiani kwa kubaka anatakiwa, zaidi ya kifungo, kumlipa fidia aliyemfanyia unyama huo. Hali kadhalika anayetiwa hatiani kwa kumkeketa mtoto wa kike. Wilaya zetu hizi mbili zinajulikana kwa balaa hilo la ukeketaji, basi kila mzazi na ajue kuwa binti aliyefanyiwa hivyo ni mdai, na waliomfanyia ni wadaiwa, hapa duniani na kesho mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, kwamba aliyemdhulumu nduguye amalizane naye leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu ya kulipia, bali malipo yatakuwa ni mema ya mtu. Na katika hadithi iliyomo kwa Muslim, muflisi wa kweli ni yule anayekuja Kiyama na sala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu na kula mali ya yule, mema yake yakagawiwa wadai mpaka yakaisha. Basi kumsaidia mshitakiwa mwenye deni alipe hapa duniani ni kumwonea huruma yeye pia.

3. SHUTUMA SI HUKUMU

Msingi wa pili ni kuwa mtu hahesabiwi mwenye kosa kwa kutajwa tu. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba watu wangekuwa wanapewa kila wanachodai, wangejitokeza watu kudai damu na mali za wenzao. Kwa hiyo anayedai alete ushahidi. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari tunayoletewa tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Wale walioswaga ng'ombe wa mzee yule asiye na hatia walikuwa hasa ni watu wa aya hii.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 inasema jambo hilo hilo katika Ibara ya 13: mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa analo. Na Ibara ya 24 inalinda haki ya kila mtu ya kumiliki mali na mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria.

4. JE, INAJUZU KUZUIA KABLA YA HUKUMU?

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Tutazame dalili tatu.

(a) Hadithi ya kuzuiliwa kwa ajili ya tuhuma. Bahz bin Hakim amepokea kutoka kwa baba yake, naye kutoka kwa babu yake, kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa ajili ya tuhuma, kisha akamwachia. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Kuzuiliwa huko hakukuwa adhabu, kulikuwa ni hadhari mpaka mambo yabainike. Sasa fikiri: ikiwa mwili wa mtu, ambao heshima yake ni kubwa kuliko mali, unaweza kuzuiwa kwa muda kwa tuhuma yenye msingi, basi mali yake kuzuiwa isiuzwe ni jambo jepesi zaidi.

(b) Hajri ya mwenye madeni. Imepokewa na Daraqutni na wengineo kuwa Mtume (s.a.w.) alimwekea hajri Muadh bin Jabal (r.a.), na mali yake ikauzwa ili walipwe waliokuwa wakimdai. Na katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari ya mtu wa kabila la Juhayna zama za Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa akiwatangulia mahujaji wenzake kwa kununua ngamia kwa bei kubwa na kwenda mbio, mpaka akafilisika. Umar akatangaza mbele ya watu kuwa anayemdai mtu huyu afike asubuhi, mali yake igawanywe kwa wadai. Hakumwacha aendelee kuitawanya.

Ni kweli kwamba hao wawili deni lao lilikuwa limethibiti, na la mshitakiwa bado. Kwa hiyo hatuwezi kuigawa mali ya mshitakiwa kabla ya hukumu. Tunachokichukua hapa ni kwamba anayehukumu ana uwezo wa kuushika mkono wa mtu asiharibu mali ambayo haki za wengine zimeielekea.

(c) Hukumu ya Nabii Sulaiman (a.s.). Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Mwenyezi Mungu ametaja kisa cha mbuzi na kondoo wa watu walioingia shambani usiku wakala mazao. Ndugu zangu wa Serengeti, wakulima na wafugaji, kisa hiki hamhitaji kuelezwa mara mbili. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Daud (a.s.) aliona wanyama wapewe mwenye shamba. Mwanawe Sulaiman (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye shamba awashike wale wanyama na kunufaika na maziwa na sufi zao, na mwenye wanyama alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Mwenyezi Mungu akasema kuwa alimfahamisha Sulaiman jambo hilo, na wote wawili aliwapa hukumu na elimu.

Uzuri wa hukumu hii ni kwamba wanyama walishikwa, lakini hawakutoka katika milki ya mwenyewe. Mwenye shamba alikuwa na uhakika wa haki yake, na mwenye mifugo alikuwa na uhakika wa mifugo yake. Kwa mshitakiwa ambaye kosa lake halijathibiti, mlalamikaji hapewi hata maziwa. Lakini tumepata kanuni: kushika mali si kuichukua. Kiswahili chetu kina neno kufilisi na kina neno kuzuia, na mwenye akili hachanganyi maneno hayo mawili.

Kwa dalili hizo, jibu la swali ni hili: mshitakiwa anayetawanya mali yake ili asilipe anaweza kuzuiwa, kwa masharti, na kwa amri ya mwenye mamlaka ya kuhukumu. Si kwa amri ya mwenye ng'ombe, wala ya vijana wa msako, wala ya kikao cha ritongo kikiwa na hasira.

5. MASHARTI YAKE

Yakariri masharti haya sita, kwani ukiyaacha unarudi kwenye lile tukio la pili.

Kwanza, pawe na dalili za kweli juu ya kosa, na pawe na dalili kuwa mali inafichwa au inatawanywa. Chuki, ukoo au uvumi si dalili.

Pili, kinachozuiwa kilingane na kinachodaiwa. Aliyeshitakiwa kwa ng'ombe wanne, kwa nini azuiwe thelathini?

Tatu, mali iandikwe na iwekwe kwenye mikono ya amana. Katika mlango wa rehani tulisoma kuwa kitu kilichowekwa rehani kinaweza kukaa kwa mtu mwadilifu ambaye pande zote mbili zinamwamini. Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na hii ni amana ya watu wawili kwa pamoja. Tena ng'ombe si gunia la mahindi: anakula, anakunywa, anaogeshwa, anazaa na anaumwa. Kama hakuna wa kumtunza, ni afadhali mahakama iamuru auzwe mnadani mbele za watu, na fedha zitunzwe mpaka hukumu.

Nne, familia ya mshitakiwa isife njaa. Wanachuoni wa Kishafii wanasema hata aliyewekewa hajri anaachiwa nguo zinazomstahiki, na yeye na anaowalisha wanapewa chakula katika mali hiyo mpaka siku ya kugawanywa. Mke na watoto hawakuvunja zizi la mtu.

Tano, haki ya mtu wa tatu iheshimiwe. Ndani ya boma moja kwetu mna ng'ombe wa baba, wa mjomba waliowekeshwa, wa mahari ya binti na wa yatima. Kila mwenye haki asikilizwe. Lakini ng'ombe yule yule aliyeibwa, akitambuliwa, hugeuki kuwa halali kwa kuuzwa au kutolewa mahari. Mwenyewe ana haki naye, na aliyempokea amdai aliyempa.

Sita, zuio liwe na mwisho. Akiachiwa huru, arudishiwe mali yake yote bila kuzungushwa.

6. SHERIA ZA NCHI ZINASEMAJE?

Mambo ya jinai nchini kwetu yanahukumiwa na mahakama za serikali, na Muislamu ana wajibu wa kujua milango yake. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zizingatie, pamoja na mambo mengine, kuwapa fidia ipasavyo watu walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria. Milango ya kuifikia fidia hiyo ni hii:

(i) Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu polisi kukamata mali inayohusu kosa na kutoa hati yake. Inaruhusu pia mahakama kumrudishia mwenyewe mali iliyoibwa, na kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia.

(ii) Sheria ya mwaka 1991 kuhusu mapato yatokanayo na uhalifu, Sura ya 256, inaruhusu upande wa Mashtaka kuomba mahakamani amri ya kuzuia mali ya mshitakiwa isiuzwe wala kuhamishwa kabla kesi haijaisha. Mahakama inaweza kuacha kiasi cha matumizi ya lazima ya mshitakiwa na wanaomtegemea, na mtu wa tatu mwenye haki anaweza kujitokeza. Unaona jinsi inavyofanana na masharti tuliyoyataja? Lakini jihadhari na jambo moja: mali inayotaifishwa huingia serikalini, haiendi yenyewe kwa aliyeibiwa.

(iii) Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu anayedai kwa njia ya madai kuomba mali ya mdaiwa ishikiliwe kabla ya hukumu. Ni lazima aonyeshe kuwa mdaiwa anataka kuiuza au kuitoa nje ya eneo la mahakama ili hukumu isitekelezeke. Mdaiwa naye hupewa nafasi ya kujieleza au kuweka dhamana badala yake. Sheria hiyo inaacha vitu kama nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na vifaa vya kazi vya fundi. Baba yangu angeujua mlango huu mwaka 2004, huenda kaka yangu angemaliza shule.

Mfano mkubwa wa taifa ni ule wa DECI. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za taasisi hiyo ambayo watu wengi "walipanda mbegu" za fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi. Fedha zilizokutwa benki zikazuiwa, viongozi wake wakashitakiwa Kisutu, Dar es Salaam, na mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani. Zuio lilifanya fedha zile zisitoweke zote. Lakini watu waliopanda waliendelea kuuliza watarudishiwa lini, hata bungeni suala lao likaulizwa. Funzo lake ni kwamba kuzuia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mdhulumiwa kujitokeza, kuthibitisha kiasi chake na kuomba alipwe.

7. FAMILIA IFANYE NINI?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mambo haya yafanyike mapema:

- Weka kumbukumbu ya mifugo yako: idadi, rangi, chapa, alama za masikio, na vibali vya kununua na kusafirisha. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010 ililetwa kwa ajili hiyo. Asiyeweza kumweleza ng'ombe wake atamthibitishaje?

- Ukiibiwa, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi, na uchukue namba ya RB. Ng'ombe akishavuka Sirari, amri ya mahakama ya Tarime peke yake haimrudishi. Inahitaji nchi mbili zishirikiane, na hilo huchukua muda.

- Mweleze mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa maandishi: umepoteza nini, thamani yake kiasi gani, mshitakiwa ana mali gani, na kwa nini unaogopa kuwa anaiuza. Taja mnunuzi, siku na mahali. Usiongeze hata mbuzi mmoja.

- Tafuta msaada wa kisheria. Sheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo.

- Siku ya hukumu usikae kimya. Mwombe mwendesha mashtaka akuombee fidia, na uwe na ushahidi wa thamani.

- Usichukue mali ya mtu kwa mkono wako. Ukifanya hivyo, ulikuja ukiwa mdai, unaondoka ukiwa mdaiwa.

8. NENO KWA MWANAFUNZI

Ndugu mwanafunzi, unaweza kusema, "Mimi sina ng'ombe wala kesi." Subiri kwanza. Siku moja mjomba anaweza kuja usiku na ng'ombe watatu, akasema, "Wakae hapa. Wakija watu kuuliza, semeni ni wenu." Au jirani aliyeshitakiwa atakuuzia mnyama kwa nusu ya bei, akitaka mwandikiane tarehe ya mwaka jana. Hapo ndipo somo hili linakuhusu wewe hasa.

Kumficha ng'ombe huyo ni kusaidiana katika dhulma, na kuandika tarehe ya uongo ni ushahidi wa uongo. Undugu haugeuzi haramu kuwa halali. Mtume (s.a.w.) alipofundisha kumsaidia ndugu anayedhulumu, aliulizwa vipi, akaeleza kuwa ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo mwambie mjomba kwa adabu, shikamoo yako ikiwa mbele: "Mjomba, ng'ombe hawa hatuwezi kuwasema ni wetu. Kama una haki, iseme mahakamani. Kama unadaiwa, tutakusaidia kulipa." Maneno hayo ni mazito kwa kijana wa miaka kumi na minne, lakini ni mepesi kuliko mzigo wa Kiyama.

Na ukikutana na mtoto wa mshitakiwa shuleni au madrasani, usimwite mtoto wa mwizi. Yule mwanamume aliyetuibia alikuwa na mtoto wa umri wangu, na boma lile tupu lilikuwa lake pia. Zuio la haki lingetulinda wote wawili: mimi ningepata maksai wa baba, naye angebakiwa na bati juu ya kichwa chake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya ghasbu na hajri.
2. Kwa nini madhehebu ya Shafii yanasema adhabu haifuti deni la mwizi?
3. Taja masharti sita ya kuzuia mali ya mshitakiwa. Katika tukio la pili, ni masharti gani yalivunjwa?
4. Hukumu ya Nabii Sulaiman (a.s.) inatufundisha nini juu ya kushika mali bila kuichukua? Na kwa nini mlalamikaji hapewi maziwa kabla ya hukumu?
5. Muulize mzazi wako: mifugo au mali ya nyumbani kwenu ina kumbukumbu gani ya maandishi? Kama haina, mwandikie.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atulinde tusidhulumu wala tusidhulumiwe, awape mahakimu wetu uadilifu na subira, na arudishe kila haki kwa mwenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.